Rudi, Hujala

Msinijie na ile hadithi yenu kwamba filamu ni filamu na kitabu ni kitabu, kila kimoja kina raha yake, watu wasigombane. Sisi tuligombana. Tuligombana mpaka mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi za wanawe akasimama mlangoni akauliza kama tunagawana urithi, ili arudi kesho. Na ugomvi wenyewe naushukuru, nasema wazi, kwa sababu bila huo ningekufa bila kujua shangazi alinifanyia nini.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mkataji. Karakana yetu inashona sare za shule, na maisha yake yote ya kazi aliyamaliza amesimama kwenye ile meza ndefu ya kukatia, futi shingoni, chaki sikioni kama kalamu ya seremala. Hapa kila mtu ana jina la kazini. Yeye ni Mama Mkasi. Anayeshona matundu ya vifungo ni Wakili, kwa sababu hakuna neno linalopita mbele yake bila kupingwa. Ukimwambia habari za asubuhi ni nzuri, atataka kujua nzuri kwa nani. Mpiga pasi ni Bi Pasi, mama mnene, mpole, ambaye machozi yake yako karibu kuliko mate. Mdogo wetu anaitwa Mpya, ingawa alikuja zamani na sasa ana watoto wanaokwenda shule. Hajatokea mwingine wa kumrithi jina, basi amebaki nalo. Mimi ni Kifungo, na sababu yake inakuja.

Asubuhi hapa watu hawasikilizani. Cherehani zote zinanguruma, ukitaka mkasi unaonyesha kwa vidole. Lakini mchana, zikishachoka nasi tukachoka nazo, tunazizima, na kinachobaki ni kazi ya mkono: kupiga pindo, kushona vifungo, kukata nyuzi zinazoning'inia. Tunaiita saa ya sindano. Saa hiyo mkataji hana kazi, maana vitambaa vyote alishavikata asubuhi, na kumwona mtu amekaa bure huku wewe unajidunga kidole kunatia hasira. Ndipo wakubwa wetu wa zamani wakaamua mkataji awe anasoma. Mikono ina kazi, masikio yamekaa tu, basi ayape kitu. Ikawa desturi, na mtu akishika mkasi wa karakana hii anajua kwamba kukata na kusoma ni kazi moja.

Shangazi alisoma chochote kilichopatikana. Alisoma magazeti yaliyofungia vitambaa, alisoma hadithi za wapelelezi zisizo na kurasa za mwisho mpaka tukawa tunamchagua muuaji kwa kura, na siku moja tulipokosa kabisa alisoma mwongozo wa jokofu, neno la kwanza hadi la mwisho. Kwa sauti yake ile, Bi Pasi aliacha pasi akauliza kwa wasiwasi kama jokofu lilipona.

Kitabu chetu hasa kilikuwa kimoja. Kila msimu wa shule ukipita, oda zimetoka na tunaanza kupumua, tulikirudia. Jalada lilishang'oka, shangazi akakivisha kipande cha bitana ya koti. Jina lake limeandikwa ndani, lakini sisi tulikiita Binti.

Binti analetwa kwa shangazi yake akiwa mdogo, amevaa viatu vikubwa kuliko miguu. Shangazi mtu ni dobi: ua mzima kamba, na kamba zote zimejaa nguo za watu. Ni mwanamke mkali, mnene wa kujaa mlango, na neno tamu halijui. Binti anakulia chini ya zile nguo zinazochuruzika maji. Iko sura nzima ya viatu tu, jinsi miguu ilivyovijaza mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja vikambana na akalia bila kujua analia nini. Kuna mshahara wake wa kwanza. Kuna siku anaachwa peke yake, anavaa gauni la hariri la mteja, anasimama mbele ya kioo na kumwona mwanamke ambaye hajawahi kuonana naye. Gauni linachanika kwapani. Shangazi mtu anawaka, maneno yanarushwa huku na huku, na binti anachukua mkoba wake anatoka. Komeo linafungwa nyuma yake.

Hapo shangazi yangu alikuwa akinyamaza kidogo, kwa makusudi, anatutesa. Sindano zote zinasimama. Kisha anaendelea:

"Kabla binti hajafika barabarani, komeo lilifunguliwa tena. Shangazi alitoka mbio, povu la sabuni limempanda hadi viwikoni, akasimama katikati ya njia. 'We! Unakwenda wapi? Rudi, hujala.' Na binti akarudi."

Basi, ndio mwisho. Hakuna samahani, hakuna kukumbatiana. Bi Pasi alikuwa akilia kila mara kama hajawahi kuusikia, Wakili akisema, "Huyo ndiye mtu," nasi tukifunga vitu vyetu tukienda nyumbani tumeshiba.

Sasa niseme habari zangu. Mama alifariki nikiwa mdogo. Baba akaenda kutafuta kazi, akaitafuta vizuri mno, hakurudi. Nikaletwa kwa shangazi na mkoba, nimenuna, sisemi na mtu. Kwa kuwa hakuwa na wa kuniachia, alikuja nami kazini, akaniweka chini ya meza ya kukatia na mikebe ya vifungo: vidogo huku, vikubwa kule, vyenye matundu manne peke yake. Siku nzima mikebe yangu ikilia chakacha, chakacha. Ndiyo maana ya Kifungo.

Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Ulimi wake na mkasi wake vilinolewa pamoja. Alinilisha, alinivisha, alinigombeza, na hakuniambia hata siku moja kwamba ananipenda, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Nilichokuwa nacho ni kile kitabu. Nilijiambia, yule dobi kwa ukali wote ule mbona alitoka? Basi na huyu wangu atatoka. Watoto wana hesabu zao.

Nikafika umri wa kujiona mkubwa. Tukagombana, nadhani ilikuwa kwa sababu ya kuchelewa kurudi nyumbani, na mimi nikitibuka siambiliki. Nikamwambia si mama yangu, nikabeba mkoba, nikatoka. Nilitembea polepole mno, konokono angenipita na kunisalimia, maana sikio langu lote lilikuwa nyuma, kwenye komeo. Likafunguliwa. Akaja, mguu mmoja ndala ya bluu, mwingine ndala ya kijani, mwiko mkononi. "We! Unakwenda wapi? Rudi, hujala."

Nikarudi. Nilikula huku nimenuna, lakini nilikula.

Miaka yote iliyofuata niliamini kwamba maneno yale aliyatoa kitabuni. Sikumlaumu. Mtu asiyekuwa na maneno matamu ya kwake, akiazima ya mwandishi kuna ubaya gani? Ila swali dogo lilinikaa rohoni kama uzi kwenye meno: kama kitabu kisingemfundisha, angetoka? Niliolewa nalo, nikazaa nalo, na kila nilipomtazama shangazi lilikuwepo. Kuna tofauti kubwa kati ya kutakiwa na kufugwa vizuri, na mimi sikujua niko upande gani.

Uzee ukaja na macho yake yakaingia ukungu. Hospitali walijitahidi, wakaokoa mwanga na kivuli, basi. Mkasi nikaushika mimi, na kusoma pia. Yeye bado anakuja kila siku, kiti chake kiko karibu na dirisha, anapapasa vitambaa na kutuambia kipi kitapauka kikifuliwa. Vitabu vyote aliniachia isipokuwa Binti. Hicho alikataa katakata. Alikuwa anakijua kwa moyo, na kila msimu ukiisha alikifungua mapajani, akalamba kidole, akafunua ukurasa pale pale panapofunuliwa, akasoma kwa macho yasiyoona. Tulijivunia sana. Wateja tuliwaita waje kuangalia.

Mpya ndiye aliyeleta habari. Aliingia mbio, simu juu, hata mkoba hajatua. "Jamani! Jamani! Wamemtia binti yetu kwenye filamu!"

Tukaizunguka simu. Kweli, ua umejaa kamba za nguo, kitoto kimevaa viatu kama mitumbwi. Tulipiga vigelegele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Shangazi peke yake hakufurahi.

"Ya nini?" alisema. "Si kitabu tunacho."

"Tukamwone dobi, Mama Mkasi," Wakili akamwambia.

"Dobi mmeshamwona. Mnaye miaka yote."

Mara miguu inamuuma, mara humo ndani kuna joto, mara oda ya shule ya chini itachelewa. Wakili akasema anaogopa dobi wa filamu atakuwa mwembamba, tukacheka mbavu hatuna. Mwisho alikubali shingo upande. Sasa naelewa: kubaki peke yake akitusubiri kungekuwa kubaya zaidi.

Tulikwenda maonyesho ya mchana, tukajaza mstari mzima. Nilikaa kando yake, namsimulia sikioni. Na dobi alikuwa mwembamba!

"Nilisema!" Wakili akapaza sauti, watu wakamnyamazisha.

Kisha akatokea kijana na baiskeli, anatabasamu tu. "Huyu nani?" akauliza Bi Pasi. Hakuna aliyemjua. Kitabuni hakuna kijana wala baiskeli. Tulimsubiri aondoke, hakuondoka, na kila mvua ilipomnyeshea binti alikuwepo kumkinga. Nilitamani kumvuta sikio nimtoe nje.

Lakini haki iwe haki. Ile sura ya viatu, ambayo shangazi alikuwa akiimaliza kwa saa ya sindano nzima na akapata kiu, filamu iliimaliza bila neno. Miguu ndani ya viatu, inapwaya. Miguu ile ile, imekua. Kisha kidole gumba kinachungulia, ngozi ya kiatu ikipasuka. Nikajikuta nashika kifua. Na kwenye kioo, kitabuni uko ndani ya yule binti, unaona anachokiona yeye. Kwenye filamu umesimama nyuma yake, na ghafla unagundua kwamba ni mzuri. Kitabu hakikuwahi kutuambia, kwa sababu mwenyewe alikuwa hajui. Nilimwambia shangazi, "Ni mzuri, shangazi. Ni mzuri sana." Akaitikia kwa kichwa taratibu, akasema alijua tangu zamani.

"Rudia hapo!" Wakili akaagiza, kama tulivyozoea kazini. Picha ikaenda zake. Hilo ndilo kosa kubwa la filamu, haina adabu ya kusubiri watu wabishane.

Ikafika siku ya mkoba. Bi Pasi akatoa leso akaiweka tayari. Komeo likafungwa, pwa, likasikika ukumbi mzima. Nikawa nasimulia: "Ametoka. Anatembea. Uso wake unaonekana wote. Anatembea bado. Ngoja. Bado anatembea." Njia ikawa ndefu, binti akawa mdogo, muziki ukapanda. Taa zikawaka.

Wakili alikuwa ameshasimama. "Rudisheni! Shangazi hajatoka!"

Kijana wa mlangoni alikuja akamwambia kwa upole, "Mama, imekwisha."

"Imekwisha vipi na mtu hajala?"

Tulitoka tumefura. Njia nzima ni matusi kwa watu wa filamu: wamenunua kitabu wakakikata kichwa, wameweka baiskeli wakatoa povu la sabuni. Shangazi alitembea kando yangu. Alikuwa amenishika kiganja, na mkono wake ulikuwa umeloa jasho.

Huko karakanani ndiko ugomvi ulikopamba moto. Mpya alikuwa upande wa filamu. Alisema mtu mzima ni yule aliyetoka akaenda zake; akirudishwa kula atakua lini? Wakili akamwambia yeye mwenyewe bado anakula kwa mama yake kila Jumapili. Mpya akajibu hilo ni suala jingine. Bi Pasi akaunguza kola ya shati kwa kusikiliza. Mwisho Wakili akatoa hukumu.

"Kitabu kisomwe. Tena asome Kifungo, neno kwa neno, maana Mama Mkasi watasema anatia chumvi. Mpya atarekodi kwenye simu, tuwapelekee hao watu waone walichokiharibu."

"Kimechakaa hicho," shangazi akasema haraka. "Kiacheni kipumzike."

"Kifungo atakishona mgongo. Hapa ni kwa mafundi, Mama Mkasi."

Nikaenda nacho nyumbani. Jumapili asubuhi, chai ikiwa inapoa, nikatoa sindano nene na uzi wa jeans nikakilaza mezani. Sikuwahi kukishika peke yangu. Kilikuwa cha kusikilizwa, kama redio. Nani hufungua redio atazame ndani? Nikakigeuza nianzie nyuma, na jicho likaanguka kwenye ukurasa wa mwisho.

Komeo lilifungwa. Binti alitembea, hakugeuka nyuma, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Kisha nukta. Upande wa pili kulikuwa na anuani ya mpiga chapa. Nikatafuta kama ukurasa umechanika, nikapapasa mshono, nikahesabu mikunjo kama ninavyohesabu marinda. Kilikuwa kizima. Hapakuwa na povu wala "we!" Tukiacha baiskeli, filamu ilisoma kitabu sawasawa. Aliyekuwa hakisomi ni shangazi.

Kwanza nilihisi baridi. Mtoto wa chini ya meza ndani yangu aliachiwa mkono ghafla. Nikakaa na kitabu mapajani mpaka chai ikafanya utando, na polepole jambo la pili likanijia. Kama maneno yale hayamo kitabuni, basi siku ile ya ndala mbili tofauti hakuazima kwa mtu. Yalikuwa yake. Swali langu la miaka yote lilijibiwa pale, mimi na sindano na chai ya baridi, na nikalia vibaya, mume wangu akadhani nimejidunga.

Likaja na la tatu. Kesho yake Wakili angekaa mbele yangu na masikio yake, Mpya na simu yake. Wale wanawake walimwamini shangazi kwa kila neno, walilia machozi halali kwa mwisho alioutunga. Mtu mzima, macho hayaoni, heshima yake yote ikiwa ile sauti, leo aumbuliwe mbele ya watu aliowafundisha kukata? Na mimi ndiye nifungue mdomo? Nikapiga moyo konde. Nikashona mgongo wa kitabu nikiwa nimeamua kusema uongo.

Jumatatu sikuweza kula. Bakuli langu la chakula nililiweka kando ya cherehani na mfuniko wake, likakaa hapo. Saa ya sindano ikafika, mashine zikazimwa. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, vidole vinakunja na kukunjua ncha ya futi. Alijua kilichomo kwenye ukurasa ule, na alijua kwamba mimi nimeshakiona. Alinisikia asubuhi nilivyomsalimia.

Nilisoma. Viatu, mshahara, gauni, ugomvi. Bi Pasi akachomoa leso. Komeo likafungwa. Nikavuta pumzi, macho yangu kwenye nukta, nikaendelea hewani:

"Kabla binti hajafika barabarani..."

"Kifungo."

"Abee, shangazi."

"Soma kilichoandikwa."

"Ndicho ninachosoma, shangazi."

"Mwanangu, kitambaa hicho nilikikata mimi, najua mshono ulipo. Soma."

Nikasoma. Hakugeuka nyuma, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nikafunga kitabu. Wakili akaja akaninyang'anya kitabu. Akasoma mwenyewe, midomo inacheza. Akafunua mbele, akafunua nyuma, akachungulia hadi ndani ya bitana.

"Msimlaumu mtu wa filamu," shangazi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo liliniuma kuliko yote. "Yeye kasoma vizuri. Mimi ndiye niliyewadanganya. Miaka yote hiyo."

Tukamtazama Wakili. Alikuwa amesimama, kitabu mkononi, uso umekunjwa, anapima.

"Kwa hiyo," akasema, "aliyekosea ni mwandishi."

"Eti?" Mpya akauliza.

"Si umesikia? Kaandika vizuri kote, mwishoni kachoka. Mama Mkasi akamrekebishia. Nguo ikija fupi si tunashusha pindo? Kuna mtu anakwenda mahakamani? Futa hicho ulichorekodi, Mpya."

"Lakini mimi naupenda huu wa kitabu," Mpya akanung'unika, simu mkononi.

"Upende. Nenda zako barabarani na mkoba, sisi tunakula."

Kicheko kilichopasuka hapo, fundi viatu alikuja tena. Bi Pasi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hajui aanze kufuta nini. Shangazi aligeuza uso huku na huku akifuata sauti, kama haamini, kisha mabega yake yakashuka. Na mimi kusema kweli nadhani Mpya ana hoja. Kama kitabu, mwisho wa mwandishi una nguvu zaidi. Nimeusoma mara nyingine tangu hapo na unakata vizuri, na ule uso wa binti kwenye filamu sijausahau. Lakini mimi utotoni sikuhitaji kitabu chenye nguvu.

Nikaenda nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Shangazi, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini uliubadilisha?"

Akapapasa akanipata kichwa, akakishika kama anavyoshika kitambaa kujua uzito wake.

"Nilikuwa sijakimaliza mwenyewe," akasema. "Kitabu kilikuwa kipya, nakisoma pamoja nanyi hivyo hivyo, sijui kinakokwenda. Nikafika kwenye komeo, jicho likatangulia, nikaona kinachokuja. Na chini ya meza mikebe ikawa imenyamaza. Wewe hukuwa unanyamaza, siku nzima chakacha. Nikainama. Ulikuwa umekaa unaniangalia, na viatu vyako miguuni."

"Viatu?"

"Hukumbuki. Tangu ulipoletwa ulikuwa huvui viatu. Unalala navyo. Nikikuvua ukiwa usingizini, asubuhi nakuta umevivaa tena, na mkoba umeuegemeza mlangoni. Nikakugombeza, nikanyamaza, nikakununulia kandambili, wapi. Ulikuwa unasubiri kuambiwa uondoke, hukutaka ikukute hujajiandaa. Sasa mtoto kama huyo nimsomee nini? Nimsomee kwamba nyuma yake hapana mtu?" Akatikisa kichwa. "Mimi maneno sina, unanijua. Lakini siku ile yalikuja. Nikayasema kana kwamba yameandikwa, ili uyaamini. Yangetoka kwangu usingeyaamini."

Hakuna aliyekuwa anashona.

"Na jioni ile?" nikauliza.

"Jioni ile ulivivua mwenyewe. Ukaviweka mlangoni, kando ya vyangu."

Nilibaki pale chini, mtu mzima mwenye watoto, nimelaza uso kwenye magoti yake, naona chaki ya zamani kwenye mishono ya gauni lake. Nikamwambia mbele ya wote neno ambalo katika maisha yetu yote hatukuwahi kupeana.

"Asante, shangazi."

"Asante ya nini?" akasema, akanisukuma kichwa kidogo. "Bakuli lako sijalisikia likifunguliwa tangu mchana. Ondoka hapa, nenda kale."

Nikaenda nikala.